Miche Isiyo na Mstari

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye daftari la mahudhurio, basi. Bustanini kila mtu alimwita Bi Reki, kuanzia msimamizi mpaka maharusi waliokuja kupiga picha, kwa sababu reki ile alikuwa haitui. Akizungumza na mtu, reki iko mkononi. Akinywa chai, reki imeegemea bega. Mumewe, fundi viatu, alikuwa akiwaambia wateja kwamba yeye ni mume wa pili tu, wa kwanza ana meno ya chuma na hajawahi kumjibu mke wake vibaya.

Miaka ishirini na minane Bi Reki alikuwa akifagia, akipalilia na kunyoosha kingo za nyasi katika bustani hiyo ya umma, iliyobanwa kati ya barabara kuu upande wa juu na nyumba za watu upande wa chini. Ukitaka kumjua mwanamke huyu, usianze na habari za watoto wake watatu. Anza na ndago. Ndago, kwa asiyeshika jembe, ni lile jani jembamba la kwenye unyevu lenye vitunguu vidogo chini ya ardhi. Ulikate leo, keshokutwa limerudi na ukoo mzima. Bi Reki alilichukia kama watu wengine wanavyochukia umbeya, yaani kwa dhati na kila siku. Wapaliliaji wavivu hukata. Yeye aling'oa. Alikuwa na kijichuma kilichopinda ncha, alichokizungusha polepole kando ya shina mpaka mmea utoke mzima na udongo wake. "Ukiacha mzizi," alikuwa akisema, "umemfukuza mgeni ukamwachia ufunguo."

Vita yake kubwa ilikuwa eneo la chini. Zamani, kabla hajaajiriwa, pale palikuwa kinamasi. Wakubwa wakakifukia, wakamwaga zege, wakachonga mfereji mrefu wa kupeleka maji mbali. Maji hayakusoma mpango wao. Mvua ikinyesha dakika ishirini, yanashuka kutoka barabarani na chupa zake na mafuta yake ya magari, mfereji unashindwa kuyameza, na watu wa nyumba za chini wanaanza kupandisha magodoro juu ya meza. Kesho yake ni Bi Reki na tope, Bi Reki na takataka, Bi Reki na ndago linalochungulia kwenye kila ufa wa zege.

Ndipo alipokuja Injinia. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwenye viatu vya mpira na michoro aliyoikunja kama mkeka, na alisema jambo ambalo wengi walidhani ni utani. Alitaka mfereji ule ubomolewe. Kule juu, kando ya barabara, pachimbwe mitaro mipana iliyooteshwa nyasi ili maji yapunguze mbio. Njia za kutembelea zitandikwe matofali yenye matundu. Na huku chini pachimbwe bonde la kina kifupi, maji yakae, yazame taratibu ardhini.

"Tunarudisha ardhi oevu," aliwaambia wafanyakazi siku ya kwanza.

Mlinzi wa geti kuu akanyoosha mkono. Huyu walikuwa wakimwita Afande, ingawa maisha yake yote silaha aliyoishika ni tochi na filimbi. Aliishi na mkewe katika chumba cha pembeni ya geti, chumba kilichokuja na kazi.

"Oevu ndiyo nini, Injinia?"

"Ni kinamasi, baba."

"Sasa si useme kinamasi. Tumekifukuza miaka yote, leo tunakiandikia barua kirudi."

Watu wakacheka, Injinia naye akacheka. Bi Reki hakucheka. Lakini mwajiriwa ni mwajiriwa, na yeye kichwani mwake alijichorea bwawa la heshima: kingo za saruji, maji safi, labda na mayungiyungi mawili matatu katikati. Hakuna aliyemwambia vingine, naye hakuuliza. Mtu aliyekaa mahali miaka ishirini na minane huona haya kuuliza.

Bonde likachimbwa. Chemchemi ya zamani, iliyokuwa imezibwa chini ya zege, ikaanza kuvuja yenyewe, na katikati pakawa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Wakati huohuo binti wa kwanza wa Bi Reki akajifungua katika mji mwingine, mama akaomba ruhusa ya wiki moja, akaenda kumwogesha mjukuu. Wiki hiyohiyo vibarua walipanda. Wiki hiyohiyo Injinia aliitisha kikao, akaeleza kila kitu kwa picha. Kila mfanyakazi alikuwepo isipokuwa mmoja.

Ijumaa msimamizi alimpigia simu. "Bi Reki, Jumatatu tuna wageni. Wajumbe wote wa halmashauri wanakuja kuangalia bonde. Nakutegemea, kule chini pawe pasafi."

"Wewe lala," alimjibu.

Jumamosi asubuhi aliingia kwa geti la chini, ambalo ufunguo wake alikuwa nao miaka yote, na moyo ukamshuka. Bonde zima lilikuwa limevamiwa. Majani membamba, ya kijani kibichi, yamejaa kwenye tope pembeni ya maji: matatu hapa, moja pale, saba yamebanana kwenye kona kama yanasengenya. Alisimama akayatazama vizuri, maana hakuwa mtu wa pupa. Alitafuta mstari. Katika maisha yake yote, kilichopandwa na binadamu kilipandwa kwa kamba: unachomeka kijiti huku, unachomeka huku, unavuta kamba, unapanda chini yake. Hata mkulima mlevi mstari wake huonekana, japo umepinda. Hapa hapakuwa na mstari. Kumbe Injinia alikuwa ametumia siku mbili nzima kuwafundisha vibarua wapande bila kamba, mafunjo, matete na jamaa za ndago wasio na ubaya, vitawanyike kama vilivyokuwa vikijiotea vyenyewe zamani. Bi Reki angejulia wapi?

"Wiki moja tu nimeondoka," akasema peke yake. Akavua kandambili, akaingia topeni.

Alifanya kazi mpaka saa tisa alasiri. Mmoja mmoja, kwa kijichuma chake, akizungusha, akitikisa, akitoa mzizi wote. Yalitoka kirahisi mno, jambo lililomshangaza kidogo na kumfurahisha sana. Aliyafunga mafungu kwa kamba, hamsini hamsini, kama alivyofunga magugu siku zote, akayapakia kwenye toroli mpaka kwenye shimo la mboji nyuma ya stoo, palepale penye bomba linalovuja, akayafunika magunia upepo usije ukayatawanya. Mafungu yalikuwa kumi na mawili na ushee. Kisha akasawazisha tope kwa reki, likang'aa. Kule juu, Afande alikuwa amekaa getini, ameipa mgongo miti na yote yaliyokuwa nyuma yake.

Jumapili alipumzika kwa raha ya mtu aliyetimiza wajibu.

Jumatatu, saa nne, wajumbe walishuka na viatu vyao vizuri, Injinia mbele. Alikuwa anaeleza, mkono umenyooshwa, halafu sentensi ikakatika katikati. Hakupiga kelele. Aliinama, akazunguka ukingo, akaokota mche mmoja uliokuwa umesazwa nyuma ya jiwe, akaushika kwa vidole viwili.

"Miche yangu iko wapi?" aliuliza, na hakuna aliyejua anamwuliza nani. "Miezi saba kitaluni. Mingine hakuna. Mvua zinakuja baada ya wiki mbili, kingo hizi zikiwa tupu zitaporomoka zote."

Bi Reki alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale. Aliutazama mche ule mkononi mwa binti, na akaujua, kama mtu anavyomjua aliyemsukuma jana bila kumwomba radhi. Alitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa, kisha mjumbe mmoja mnene akauliza, "Mlinzi alikuwa wapi?" na maneno yakamrudi tumboni.

Maana hilo ndilo jibu ambalo kila mtu alikuwa analitafuta. Miche ya watu haiondoki kwa miguu. Kuna wauza maua barabarani. Kuna mtu kaingia, kuna mtu kafumbwa macho. Kwamba mpaliliaji wao bora ndiye aliyeing'oa, hakuna aliyewaza. Afande aliapa kwamba hajaona kitu, na kadiri alivyoapa ndivyo alivyoonekana mwongo zaidi. Akapewa barua: ajieleze kabla ya Jumatano mchana, la sivyo akabidhi tochi, filimbi na chumba.

Sasa tusimpambe Bi Reki. Alinyamaza. Alikuwa amebakiza miezi kumi na mmoja astaafu, na anayeharibu mali ya umma hufukuzwa, hilo lilikuwa limebandikwa ukutani ofisini kwa herufi kubwa. Lakini hofu ya kufukuzwa, mwenyewe baadaye alikiri, ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa mbaya zaidi: katika maisha yake hakuna kitu alichokuwa nacho isipokuwa kwamba kazi yake haina doa. Watu wangesema nini? Bi Reki, mpaliliaji asiye na mfano, kang'oa kilichopandwa. Jumatatu akanywa chai yake mbali. Jumanne Afande alimpitia, macho mekundu, akamwuliza, "Dada yangu, Jumamosi si ulikuwepo? Hukuona mtu yeyote?" Naye akajibu, "Sikuona mtu." Kwa maneno haukuwa uongo. Aliona aibu iliyomkaa kifuani kama donge la ugali uliopoa.

Jioni ile alimwambia mumewe. Mume alikuwa barazani anamalizia soli, misumari midogo ameibana midomoni, hivyo kwa bahati hakuweza kumkatiza. Bi Reki alipomaliza kusimulia, mzee akaitema misumari kiganjani mmoja mmoja.

"Unaogopa nini hasa, mama watoto? Kufukuzwa, au kuonekana umekosea?"

Bi Reki akakasirika. Alimwambia yeye hajui kazi ya watu, viatu akivikosea anavibandika upya, nani anamwona. Alimwambia anyamaze. Alimwambia na mengine ambayo hayakuhusiana na bustani hata kidogo. Fundi viatu alisikiliza yote, akarudisha misumari midomoni, akaendelea kugonga. Mkewe akaingia ndani, akaketi kitandani na kulia, kwa sababu jibu alilijua na halikumpendeza.

Mficha uchi hazai. Jumatano saa tatu asubuhi alisimama mlangoni pa ofisi ya msimamizi. Ndani walikuwa watatu: msimamizi nyuma ya meza, Injinia dirishani, na Afande kwenye ukingo wa kiti, kofia magotini, karatasi yake ya kujieleza ikiwa na mistari miwili tu. Mtu ambaye hakufanya kitu ana nini cha kueleza?

"Mwachieni," alisema Bi Reki. "Ni mimi."

Msimamizi alidhani hakusikia vizuri. "Wewe nini?"

"Miche. Niliing'oa mimi, Jumamosi. Nilidhani magugu. Ulisema pawe pasafi." Akasita. "Hapana, nisikutupie wewe. Niliona haina mstari, nikaing'oa. Na Jumatatu nilipojua, nikanyamaza."

Afande alimtazama tu, kisha akaitazama karatasi yake, kisha akamtazama tena. Injinia ndiye aliyesogea.

"Mama, ulikata au uling'oa?"

Swali hilo, hata katika hali ile, lilimwudhi. "Mimi sikati."

"Uliitupa wapi?"

Walikwenda shimoni kwa mwendo ambao haukuwa wa mbio lakini haukuwa mbali na mbio, msimamizi nyuma akihema. Injinia akafunua magunia. Yalikuwa yamelowa chepechepe. Lile bomba ambalo kila mwaka liliombewa fundi lilikuwa limevuja juu yake siku nne mfululizo. Akatoa fungu moja, akalifungua. Majani ya juu yalikuwa yamelegea, mengine yameanza kuiva manjano. Lakini mizizi ilikuwa mizima, myeupe, imeshika udongo wake kama ilivyotoka.

"Siku mbili zaidi hapa, ingeoza," alisema Injinia. Alikuwa amepiga magoti kwenye takataka bila kujali suruali. "Vibarua wangu hawawezi kuhamisha mche hivi. Nani alikufundisha kung'oa namna hii?"

"Hakuna aliyenifundisha," alisema Bi Reki. "Nilikuwa nachukia tu."

Injinia akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa karibu na kulia. Bi Reki hakuona cha kuchekesha. Aliinama, akabeba mafungu mawili, akashika njia ya kwenda bondeni.

Walipanda Jumatano yote na Alhamisi yote, na hapo ndipo mwanamke yule alipoteseka kweli. Kupanda bila kamba kulimwuma mwilini. Akijisahau kidogo tu, miche mitano inajipanga, na Injinia anamwambia kwa upole, "Mama, unanyoosha." Anang'oa mmoja, anausogeza. "Bado unanyoosha." Mwishowe akawa anafumba macho, anageuka, anapanda anapofikia mkono, huku vibarua wakijifanya wanakohoa.

Miche ilikuwa mia sita na arobaini. Iliyoshika ilikuwa mia nne na kitu. Ilitosha kushikilia kingo, Injinia alisema, mingine itazaana yenyewe. Bi Reki akaandikiwa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na minane. Aliisoma mara mbili, akatia saini bila kujitetea, na kwa siku kadhaa alitembea kama mtu aliyenyolewa nywele ghafla. Halafu akazoea. Ilikuwa ajabu kwake kugundua kwamba watu walimwona amekosea na jua likaendelea kuchomoza, na msimamizi bado alimwita ampe funguo za stoo.

Afande ndiye hakumzoea. Alirudishiwa kazi, akaombwa radhi mbele ya watu, lakini chai hakunywa naye tena. "Salama?" "Salama." Basi, kila mtu na njia yake. Miaka kumi na mitano ya utani ilikatika, na Bi Reki hakuweza kumlaumu, ingawa asiyepita mbele ya geti lile kila siku hawezi kuupima ukimya wa namna ile.

Mvua ilikuja alasiri moja, bila kupiga hodi. Bi Reki alikimbilia chini ya upenu wa stoo na kutoka pale aliona yote. Maji ya barabarani yalianza kushuka kwa kiburi chake cha kila mwaka, yakaingia kwenye mitaro ya nyasi, na kiburi kikapungua. Yalipofika bondeni yalikuwa yanatembea. Yakapanda polepole, yakafunika tope, yakafika kwenye miche. Miche ikainama, ikatingishika, ikabaki. Ng'ambo ya ukuta wa chini mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni na godoro kichwani, akisubiri. Alisubiri sana. Mwisho akalishusha, akalirudisha ndani.

Afande alitokea mbio na kuingia chini ya upenu uleule, maana hapakuwa na mwingine. Walisimama bega kwa bega, wakitazama maji.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza Afande.

"Jumatatu. Saa nne ile."

"Ukasema Jumatano."

"Jumatano, saa tatu."

Afande akatikisa kichwa taratibu. "Jumatatu jioni mke wangu alianza kufunga vyombo. Nilimwambia atulie, hakutulia. Alifunga kila kitu, mpaka kijiko. Tangu hapo anatoa sahani mbili tu za kulia, vingine viko masandukuni. Anasema hana imani tena na chumba cha watu."

Bi Reki hakujua hilo. Siku zote hizo alikuwa amelihesabu kosa lake kwa miche.

"Yupo nyumbani sasa hivi?"

"Aende wapi na mvua hii?"

Akatoka kwenye upenu, mvua ikimpiga, akapandisha bustani nzima mpaka chumba cha pembeni ya geti, akapiga hodi. Mke wa Afande alifungua. Nyuma yake masanduku yalikuwa yamepangwa ukutani, yamefungwa kamba.

"Shemeji," alisema Bi Reki, maji yakimchuruzika usoni, "siku mbili nilijua mume wako hana kosa, na nilikaa kimya. Nimekuja kukwambia mwenyewe."

Mwanamke yule hakumwambia karibu. Hakumwambia ondoka. Akageuka, akavuta sanduku la kwanza kutoka ukutani, akaliweka sakafuni katikati yao.

"Haya," akasema. "Anza na sufuria."